Mwalimu, usiongeze mbuzi, hamisha kigingi kwanza

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo: "Asalaam alaykum daktari, shikamoo. Mie ni mwalimu wa skuli, nakaa Micheweni, Pemba. Nna mbuzi majike wanne, beberu mmoja na kondoo wawili. Asubuhi nikenda skuli nawafunga kamba chini ya mwembe nyuma ya nyumba, nikirudi nawaingiza banda la chini. Masika ilopita wamenifia vitoto vitano, wote wa miezi miwili mitatu, wanaharisha, wanakonda, wawili walivimba chini ya kidevu. Mume wangu anasema ni kijicho cha watu. Niliwapa dawa ya minyoo ya chupa, nusu kizibo kila mmoja, haikusaidia. Jirani anasema hawa wetu wadogo hawana faida, ninunue Boer kutoka bara. Lengo langu nifike ishirini niuze Iddi Kubwa. Nianzie wapi?"

Waalaykum salaam mwalimu, marhaba. Na pole sana kwa hao vitoto, watano kwa mpigo sio hasara ndogo kwa mtu mwenye majike wanne. Sasa mie ntakwambia moja kwa moja, kijicho kipo sikatai lakini hakivimbishi kidevu cha mbuzi. Kinachovimbisha kidevu ni upungufu wa damu na damu inanyonywa na minyoo, na minyoo wewe mwenyewe ndo unayewafuga pale chini ya mwembe bila kujijua. Usichukie, karibu kila nyumba nlopita kuanzia Konde mpaka Mkoani nimeikuta kamba ile ile mti ule ule, mana ndo tulivyorithi kwa wazee.

Hebu nikueleze inavyokwenda. Kuna mnyoo mmoja anakaa kwenye tumbo la nne la mbuzi, mwembamba kama uzi, mwekundu kwa damu alokunywa. Jike lake moja linataga mayai elfu tano mpaka elfu kumi kwa siku. Mayai yanatoka na mavi, na penye joto na unyevu, yaani Pemba wakati wa masika, ndani ya siku nne tano mpaka wiki yanakuwa vijidudu vilo tayari kuingia mbuzi mwengine. Vinapanda kwenye majani na umande, sanasana vinakaa chini chini, kama urefu wa kidole kutoka ardhini. Sasa mbuzi wako umemfunga kamba ya mita tatu nne, siku ya mwanzo kala majani ya juu, siku ya pili kala ya kati, siku ya tano anakula kisiki cha jani palepale alipokunya wiki ilopita. Anakula mavi yake yaloota miguu, ndo lugha nyepesi. Na minyoo elfu moja inanyonya kama mililita 50 za damu kwa siku, sasa kibuzi cha kilo sita kina damu kiasi gani cha kugawa hivo kila siku?

Mkubwa anavumilia kidogo, kitoto hakivumilii. Ndo mana mama zao wapo na wao wamekufa.

Kwaiyo dawa ya kwanza haiuzwi dukani, ni kigingi. Tafuta vituo kumi, sio lazima viwe vyako vyote, zungumza na majirani na mwenye shamba la mikarafuu lilo karibu, watu wengi wanakubali ukiwaambia mbuzi wanawasafishia majani, sharti tu kamba iwe fupi asifike kwenye muhogo wala mgomba wa mtu, mana huko ndo mnafikishana kwa Sheha. Kila kituo mbuzi akae siku nne, zisizidi, halafu anahama harudi hapo mpaka umalize vyote kumi. Siku nne mara kumi ni siku arubaini, na ndani ya wiki tano sita kwenye joto letu vijidudu vingi vinakuwa vishakufa kwa njaa, mana havili kitu, vinasubiri mbuzi tu. Weka alama kwenye kila kigingi kwa namba, wewe mwalimu hesabu hii haikushindi, na mpe mtoto mmoja wa nyumbani kazi ya kuandika tarehe kwenye daftari.

Na usiwatoe alfajiri. Najua unawahi skuli lakini majani yenye umande ndo yenye vijidudu juu. Acha mtu awatoe saa tatu jua likishapiga, na kama hamna mtu basi siku za masika waache bandani kabisa uwakatie majani uwaninginizie. Hii ya kuninginiza nnaisisitiza kwa mbuzi khasa, mbuzi sio ng'ombe mdogo, Mungu kamuumba ale kwa kuinua kichwa, achume majani ya mti. Kondoo ndo wa kuinamisha kichwa chini. Mbuzi aliyeachiwa achume vichakani hukutana na minyoo kidogo, ndo mana hata mwili wake hauna nguvu sana ya kupambana nao, ukimlazimisha ale chini kama kondoo anaumia kuliko kondoo mwenyewe.

Majani Pemba tatizo sio kukosa, tatizo ni kukata. Mfenesi wanaupenda kama watoto wanavyopenda halua, mlusina, gliricidia, majani ya mgomba, marando ya viazi vitamu, majani ya kunde baada ya kuvuna. Mlusina usizidi theluthi ya chakula chote cha siku, ukizidi kwa muda mrefu manyoya yananyonyoka na wanadhoofu. Muhogo mwanangu uwe na hadhari nao, majani mabichi ya muhogo, khasa ule mchungu, yana sumu inayoua kwa nusu saa, yakate uyaanike siku nzima yanyauke vizuri ndo uwape, na maganda vilevile, yaanike juani. Machicha ya nazi ni chakula kizuri sana na kila nyumba yanatupwa, lakini yawe ya leo, yakishachachuka yamwage kwenye mbolea. Chumvi weka jiwe la kulamba, la kondoo liwe la kondoo mana yale ya ng'ombe yana shaba nyingi na kondoo shaba inamuua polepole, ini linajaa mpaka siku moja anakojoa mekundu na kufa, nshaona mtu kapoteza kondoo hivo na yeye anadhani anawatunza.

Na wali. Hili nalisema kwa uchungu mana lilinikuta mie mwenyewe, daktari mzima. Kulikuwa na harusi nyumbani, mbuzi wangu mmoja jike zuri kajinasua kamba usiku kaingia kwenye masufuria, kala wali wa pilau mpaka kashiba. Asubuhi tumbo gumu, anasaga meno, hasimami, jioni kafa. Tumbo la mbuzi limezoea majani, ukilijaza wanga ghafla linachacha lote linakuwa tindikali. Kwaiyo ubwabwa uliobaki, mahindi, pumba nyingi, usimpe kwa mkupuo hata kama anakuomba kwa macho. Pumba za mpunga konzi mbili kwa jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha inatosha, na uanze kidogo kidogo.

Sasa dawa yenyewe ya minyoo. Nusu kizibo ni nini mwalimu? Umemuua mnyoo dhaifu ukamwacha mwenye nguvu azae, mwakani dawa ile haifanyi kitu kabisa hata umwagie chupa nzima. Dozi inakwenda na kilo. Mbuzi unaweza kumpima nyumbani, simama kwenye mizani ya kupimia watu umembeba, halafu simama peke yako, toa. Mkubwa wetu hawa wadogo wa kienyeji mara nyingi yuko kwenye kilo 20 na kitu mpaka 30. Halafu kuna jambo wengi hawalijui, mwili wa mbuzi unaivunja dawa haraka kuliko wa kondoo, kwaiyo albendazoli dozi ya kondoo ilioandikwa kwenye chupa kwa mbuzi huwa ndogo, anahitaji mara moja na nusu mpaka mara mbili. Ila usilichukue hilo ukalifanyia kila dawa, levamisoli ukiipiga mara mbili unaweza kumuua. Mwite bwana mifugo wa shehia yenu akuandikie kwa mililita kulingana na nguvu ya chupa yako. Na albendazoli usimpe jike aliyepandwa mwezi wa kwanza wa mimba, inaharibu kitoto. Ukimnywesha usimnyanyue kichwa juu kama mtoto anayenyweshwa mafuta ya samaki, kichwa kiwe sawa na mgongo, bomba pembeni ya mdomo nyuma ya ulimi, vinginevyo inaingia mapafuni.

Na wala usiwape wote. Hili linawashangaza watu. Kila wiki mbili, masika kila wiki, mshike kila mmoja umfunue kope la chini la jicho uangalie rangi ya ndani, mchana kweupe sio bandani. Nyekundu kama nyama mbichi, huyo mzima, muache. Ikiwa kama ndani ya pera jekundu lililopauka, muangalie kwa karibu, na kama ni kitoto au anayenyonyesha mpe dawa. Ikiwa nyeupe kama nyama ya dafu, huyo dawa leo leo na umtoe kamba apumzike kivulini mana hata kumkimbiza tu anaweza kuanguka. Njia hii ilitengenezwa Afrika Kusini kwa mnyoo huyu huyu na inafanya kazi vizuri tu. Faida yake dawa unaitumia kwa wachache na minyoo inayobaki kwa wale wazima haijaizoea dawa, inachanganyika na ile sugu, kwaiyo dawa inaishi miaka mingi.

Sio kila kuharisha ni minyoo lakini. Kitoto cha wiki tatu mpaka miezi minne kinachoharisha majimaji meusi au yenye damu, kope bado jekundu, hiyo mara nyingi ni koksidia, vijidudu vya utumbo ambavyo sio minyoo, inatoka kwenye sakafu chafu na yenye maji, na dawa ya minyoo haiigusi. Kwako nadhani yalikuwa yote mawili, mana umesema banda ni la chini.

Banda basi. Liinue. Kimo cha kiuno hivi, uweze kuingiza fagio na jembe chini, sakafu ya fito au mbao za mnazi zenye nafasi ya sentimita moja na nusu, mavi yanaanguka na mguu wa kitoto hauingii. Kila jike mita moja na nusu ya mraba, beberu mbili na zaidi. Paa la makuti linatosha kabisa, litoke nje vizuri mvua ya kusi isipige ndani, na ukuta wa upande huo uzibe, pande nyengine acha hewa ipite. Usinunue bati kwa ajili ya fahari, saa saba mchana humo ndani ni tanuri. Mavi yanayokusanyika chini ni pesa, wakulima wa tungule na mchicha wanayatafuta, kwa hiyo hata gharama ya banda inarudi kidogokidogo. Na mlango ufunge kwa kufuli, wezi na mbwa wote wanapenda mbuzi wa mtu asiyefunga.

Kondoo wako wawili, wao masika kwato zao zinaoza wakisimama kwenye matope, sakafu hiyo hiyo ya kuinuliwa itawaponya nusu ya tatizo, nusu nyengine ni kuzipunguza kwa kisu kikali kila miezi miwili mitatu. Sina mengi ya kusema juu ya kondoo, wawili hawakutoshi kufanya biashara, ila usiwatenganishe mana kondoo peke yake hali vizuri anahangaika tu.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho naona hukukifikiria kabisa, nacho ni mwezi wa kuzaliwa. Vitoto vyako vilikuwa na miezi miwili mitatu katikati ya masika, manake vilizaliwa Februari Machi, manake mama zao walipandwa Septemba Oktoba. Umemuacha beberu na majike mwaka mzima, anapanda anapotaka yeye, na wanazaa mvua inapotaka kuanza. Mimba ya mbuzi ni siku 150, miezi mitano. Ukimtoa beberu ukamrudisha tarehe mosi Februari, wa mwanzo atazaa tarehe mosi Julai, mvua ishakatika, majani bado yapo, baridi ya kipupwe nyepesi, ardhi kavu. Masika ijayo ikifika kitoto kina miezi minane tisa, kina mwili wa kupigana. Muache beberu na majike wiki sita mpaka katikati ya Machi, kila jike linarudi joto kila siku 21 kwaiyo watapata nafasi mbili, halafu mtoe tena. Pa kumuweka huna? Peleka kwa ndugu, au fanya kama Wamasai, mfunge kipande cha ngozi au gunia tumboni mbele ya uume, anapanda lakini hafiki. Inachekesha kuiangalia lakini inafaa.

Na huyo beberu umempata wapi? Kama kazaliwa hapo hapo kwako na hao ni mama zake na dada zake mbadilishe, badilishana na mtu wa Wingwi au Wete ambaye hamjuani kwa mbuzi, haina gharama yoyote. Na vidume vidogo vitenge na dada zao vikifika miezi mitatu unusu, usidanganyike na udogo wao.

Siku ya kuzaa kazi yako ni ndogo ila usiikose. Kitovu kichovye ayodini. Kitoto kinyonye dang'a ndani ya saa ya kwanza, isipite saa sita, kitoto cha kilo mbili kipate kama robo lita ndani ya siku ya mwanzo, mana mbuzi hampi mwanawe kinga tumboni, yote imo kwenye dang'a. Wakiwa pacha angalia mdogo, mkubwa humsukuma.

Boer wa jirani. Mie ningekwambia hapana kwa sasa. Ni mbuzi mkubwa mzuri wa nyama lakini anataka kula sana, na huku kwetu kwenye unyevu minyoo inamtesa. Hawa wetu wadogo wamebaki baada ya masika mia, hiyo ndo faida yao. Ukishajua kulea, ukipenda ukubwa, chukua beberu mmoja tu wa damu kubwa umpandishe kwa majike yako, sio kununua kundi. Na mbuzi yeyote anayevuka bahari kuja kwako mtenge wiki tatu nne kabla ya kumchanganya, mana sotoka ya mbuzi na kondoo imethibitishwa Tanzania Bara tangu 2008 na mwenye nayo anakuja na makamasi, vidonda mdomoni na kuharisha na anamaliza banda zima. Chanjo yake sindano moja inalinda miaka mitatu, muulize bwana mifugo.

Ama Iddi, hapa fanya hesabu vizuri usije ukaahidi watu. Sisi Shafii tulivyosomeshwa mbuzi wa udhiya atimize miaka miwili aingie wa tatu, kondoo mwaka mmoja. Wapo wanaokubali mbuzi wa mwaka mmoja, hilo waulize masheikh sio mie. Lakini mnunuzi wa Pemba anafunua mdomo kuangalia meno, anataka aone mbele chini meno manne mapana yamebadilika, ndo huyo yuko kwenye miaka miwili. Sasa Iddi Kubwa inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, 2026 ni mwishoni mwa Mei, 2028 itakuwa mwanzoni mwa Mei. Kitoto cha Julai 2026 kinatimiza miaka miwili ya mwezi mwandamo mwanzo wa Juni 2028, kinaikosa Iddi kwa mwezi mmoja. Kwaiyo huyo ni wa Iddi ya 2029, au umuuze kabla kwa nyama ya harusi na maulidi ambako hakuna anayeuliza meno. Akika nayo ina masharti yale yale ya umri, na akika haina msimu, watoto wanazaliwa kila siku, mie naona hapo ndo pana soko lako zuri zaidi kuliko Iddi ambapo wote mnauza siku moja na boti za bara zishashusha wa kwao.

Majike usiuze hata moja mpaka ufike kumi. Ishirini utafika, lakini sio mwakani.

Fanya hivi, Ijumaa ukiwa nyumbani mshike kila mmoja, angalia kope, andika rangi, pima kilo, hesabu meno ya beberu na uniambie kazaliwa wapi. Nitumie na picha ya chupa ile ya dawa, upande wenye maandishi, tarehe ya mwisho ionekane.